Mjukuu wa Ansan

Kijiko cha uji wa mchele kilikuwa nusu ya safari kuelekea kinywani mwa Bibi Oh pale mlango ulipofunguliwa, na mwanamume aliyesimama kizingitini akalitamka jina la Lyse kwa namna ambayo hakuna mtu mwingine Sydney anayelitamka.

"Riju."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji. Kama ukurasa huu ni mgeni kwako, shika haya machache tusonge mbele. Lyse ni binti wa Bibiane, Mkongo wa Bukavu, na Han Sang-ho, Mkorea. Alizaliwa Ansan, mji wa viwanda usio mbali na Seoul. Baba yake alikuwa akija kumwona kwa kujificha hadi Lyse alipoanza shule, kisha akakoma. Baadaye mama na mwana wakapokewa Australia, na Lyse akakulia Merrylands, mtaa wa Sydney.

Mwaka huu, kwa bahati iliyo karibu na balaa, alimwona baba yake katika kanisa la Wakorea hapa Lidcombe, na mke pembeni yake. Akapeleleza. Akagundua kwamba bibi yake mzaa baba, Bibi Oh, yuko katika nyumba ya wazee nyuma ya stesheni. Akaomba kazi pale, akaipata. Tangu siku hiyo amekuwa akimlisha bibi yake na kumchana nywele bila kumwambia yeye ni nani, huku akiomba zamu za asubuhi ili asikutane na mwana anayekuja jioni.

Leo mwana alikuja mchana.

Alikuwa na mfuko wa machenza mkononi. Alikitazama kibandiko cha jina kifuani mwa Lyse, akautazama uso wake, akarudi kwenye kibandiko. Bibi Oh hakugeuka. Alikuwa amefungua kinywa, akingoja uji wake.

Lyse akamlisha kwanza. Akampangusa kidevu. Ndipo akainuka na kumfuata baba yake nje.

Walisimama nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya nguo chafu. Treni ilipita, na wote wawili walishukuru kwa zile kelele kwa sababu ziliwapa muda wa kutosema kitu.

Tangu utotoni Lyse alikuwa ameyaandaa mazungumzo haya kichwani mwake. Alijua atakachosema. Lakini Kikorea kina ugumu wake: huwezi kuimaliza sentensi kabla hujaamua mtu unayezungumza naye ni nani kwako. Mkubwa wako, rafiki, mgeni, baba, kila mmoja ana mwisho wake wa maneno. Kichwani alikuwa amemwita *appa*, yaani baba, siku zote. Kinywani neno halikutoka. Akajikuta anazungumza naye kama mhudumu wa duka anavyozungumza na mteja.

Sang-ho aliusikia umbali huo, akainamisha kichwa.

Aliuliza kama Bibiane hajambo. Aliuliza nani mwingine anajua. Mwishowe aliuliza swali alilokuwa akilizunguka, kwamba Lyse alikuwa akitaka nini.

Lyse alimwambia hataki jina lake. Hataki kuja kwake, hataki kujulishwa kwa mkewe. "Nataka umwambie bibi mimi ni nani, kabla akili haijampotea, wakati bado asubuhi zake zina nuru. Mwambie wewe, si mimi. Kisha sitakusumbua tena."

Baba yake alianza kujieleza. Alisema mambo yalikuwa magumu. Alisema Korea ya siku zile haikuwa hii ya leo. Siku hizi watoto wa mchanganyiko wako wengi, wana madarasa yao, serikali inawajali, wengine wanaonekana hadi kwenye televisheni wakiimba.

"Mimi sikuwa kwenye televisheni," Lyse alisema. "Nilikuwa Ansan."

Sang-ho alihamishia mfuko wa machenza mkono wa pili. Aliyatazama magari. Halafu akafanya jambo ambalo Lyse hakulitarajia kabisa: akakubali. Alisema aje Jumapili baada ya ibada. Mkewe Jumapili hiyo atakuwa na shughuli za akina mama wa kanisa, na yeye atakuja peke yake, na watakaa wote watatu, na atasema.

Akampa mfuko wa machenza. Vidole vyao viligusana, naye hakuuvuta mkono wake haraka.

Lyse alirudi ndani akiwa hajui kama anatembea.

Kwenye treni ya kurudi Merrylands aliupakata ule mfuko kama mtoto. Harufu ya maganda ilimrudisha mbali, katika shule ya msingi Ansan, kwenye ile siku waliyoiita Siku ya Tamaduni Mbalimbali.

Kila mtoto ambaye mzazi wake alitoka nje ya Korea alitakiwa kuja na vazi la kwao. Wavietnamu walikuja na yao, Wauzbeki na yao. Lyse aliomba avae hanbok, lile vazi la Kikorea la sketi pana na koti fupi, kwa sababu ndilo alilolijua na ndilo wenzake walivaa sikukuu ilipofika. Mwalimu, ambaye alikuwa mwanamke mpole kweli kweli, alichuchumaa mbele yake na kumweleza kwamba hilo si vazi lake. Akamfunga kitenge alichokiazima mahali fulani, akampanga mstari wa mbele, na mpigapicha akamwomba acheze ngoma.

Lyse hakujua ngoma yoyote. Alicheza hivyo hivyo. Wazazi walipiga makofi, na picha ikabandikwa mlangoni mwa shule mwaka mzima.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake Korea: mstari wa mbele siku moja, na siku nyingine zote nje ya mstari. Kwa kuwa baba yake hakuwahi kwenda kumtambua mbele ya sheria, alifuata hali ya mama yake, na mama yake siku zile alikuwa mkimbizi aliyekataliwa. Mtoto hakujua lugha nyingine vizuri kuliko Kikorea, wala hakuwa mtu wa nchi hiyo, wala wa nchi yoyote.

Bibiane alikuwa amerudi kutoka kazini ghalani, bado na fulana yake ya rangi ya chungwa, akisonga fufu, ugali wa kwao wa mhogo. Lyse aliweka machenza mezani. Alikuwa amemficha mama yake mambo haya yote kwa miezi, akimwambia kwamba anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee ya Toongabbie. Jioni ile alichoka kuficha. Akamwaga yote: Lidcombe, bibi, baba, Jumapili.

Alingoja mama yake apige kelele. Bibiane hakupiga. Alipunguza moto, akafuta mikono polepole, akaketi.

"Acha ile kazi," alisema. "Kesho upige simu, useme hautarudi."

Lyse alimwuliza kama amesikia alichosema. Baba amekubali. Amekubali mwenyewe.

"Ule mutu anakubaliaka kila kitu," Bibiane alisema. "Alikubali kunioa. Alikubali kukuandikisha. Alikubali kurudi Krismasi. Alituachaka mu baridi, Lyse, na sufuria moja. Weye haukumbuke. Mimi nakumbuka."

Halafu akamwuliza binti yake swali ambalo Lyse alikuwa amejiuliza mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri. Amekosa nini hapa? Ana paspoti. Ana kazi. Ana kanisa, ana mjomba Blaise na watoto wake. Korea iliwapa nini hata airudie?

Lyse alimjibu kwamba hapa watu wakimwuliza anatoka wapi, akisema Korea, wanacheka. Wazungu wanacheka kwa adabu. Wakorea wa Lidcombe wanacheka kisha wanamsifu anavyojua lugha yao, kama kasuku. Na kanisani kwao Wakongo, tangu alipofika akiwa na miaka kumi na miwili hadi leo, akipita wanasema, "Kachina kanapita," yaani kale ka Mchina.

"Kuna mtu mmoja tu hapa duniani ambaye nikizungumza naye hashangai," Lyse alisema. "Ni yule bibi. Ananiambia nifunge dirisha, nami nalifunga. Basi. Hiyo tu."

Midomo ya Bibiane ilitaka kusema jambo, ikalimeza. Akainuka, akarudi kwenye fufu.

Machenza yalibaki mezani.

Ijumaa asubuhi Lyse aliingia kazini akiwa na uso wa mtu aliyebakiza siku mbili za kungoja. Hakufika hata kwenye kabati lake. Cherotich, muuguzi kiongozi wa zamu, Mkenya wa Kericho ambaye huongea haraka hata anapotoa habari nzuri, alimshika kiwiko na kumwingiza katika chumba cha mashuka.

"Lyse, usikasirike na mimi," alisema. "Leo hauingii kwa Mama Oh. Nimekuhamisha upande wa pili."

Lyse aliuliza amekosa nini.

Hakukosa kitu, Cherotich alieleza. Familia ilikuwa imempigia meneja. Waliomba mgonjwa wao ahudumiwe na mtu wa utamaduni wao, na si Mwafrika. Hawakumtaja mtu kwa jina. Meneja hakuona ubaya. Alilileta kwenye kikao kama jambo jema, akasema ndiyo maana nyumba hii inasifiwa, kwamba inaheshimu utamaduni wa kila mkazi.

"Lakini mimi naongea naye Kikorea," Lyse alisema. "Kila siku. Hao wengine wanamwonyesha kwa vidole."

"Najua."

"Meneja anajua?"

"Anajua. Nilimwambia mwenyewe. Akasema si lugha tu." Cherotich alitazama pembeni. "Lyse, wewe unaelewa walichomaanisha. Usinifanye nikiseme."

Lyse alielewa. Alikuwa amekielewa tangu siku ile ya kitenge. Tofauti ni kwamba kule walimwambia hanbok si vazi lake, na huku wamemwambia si kazi yake, na pande zote mbili walimwambia kwa upole, wakiamini wanamheshimu mtu.

"Na hata hivyo ni ya leo tu," Cherotich aliendelea, akidhani anamfariji. "Wanamrudisha kwao Korea. Daejeon, sijui wapi. Ndege ni ya jioni. Watakuja kumchukua kabla ya chakula cha mchana, chumba kisafishwe."

Lyse aliuliza kama ana hakika ni leo.

"Leo, ndiyo. Walishapanga wiki mbili zilizopita. Kwani hukujua?"

Jumapili baada ya ibada, baba yake alikuwa amesema. Alisema hivyo akimtazama machoni, akampa na machenza juu yake. Alichagua Jumapili kwa kuwa Jumapili chumba kingekuwa na mtu mwingine.

Lyse alikaa juu ya kikapu cha mataulo. Hakulia. Cherotich, ambaye hakujua kisa chote lakini alikuwa amefanya kazi na watu wenye huzuni kwa miaka mingi, alisimama naye kidogo. Kisha akasema kwamba yeye anakwenda kunywa chai, na kwamba mtu akiingia chumba fulani wakati yeye anakunywa chai, yeye hatakuwa amemwona.

Bibi Oh alikuwa ameshavalishwa. Walimvika sweta la zambarau na viatu vya safari, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Nywele zake zilikuwa bado hazijachanwa. Begi moja lilikuwa limefungwa mlangoni.

"Umechelewa," alimwambia Lyse. "Funga dirisha. Kuna baridi."

Ilikuwa asubuhi yenye nuru. Lyse aliijua kwa sauti. Kuna siku ambazo bibi alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa vitani, na kuna siku alidhani yuko sokoni. Leo alikuwa hapa, mzima, na alikuwa akijua anasafiri.

Lyse alifunga dirisha. Akachukua kitana. Akaanza kuchana kutoka nyuma, kama kawaida, na mikono yake ilipokuwa na kazi ya kufanya ndipo ulimi ukafunguka.

Hakukitafuta cheo cha maneno safari hii. Alitumia kile ambacho mjukuu hutumia.

"Bibi, mimi ni mtoto wa Sang-ho. Wa Ansan. Mama yangu ni yule Mwafrika."

Kitana kilishuka hadi mwisho wa nywele. Bibi Oh hakugeuka wala kushtuka. Alikuwa akitazama nje, mahali ambapo mwanamume mmoja alikuwa akipuliza majani kwa mashine.

"Endelea kuchana," alisema.

Lyse akaendelea.

"Najua," bibi alisema. "Siku ya kwanza ulipoingia hapa na trei, nilijua. Mimi ndiye niliyekuosha ulipozaliwa. Nilikwenda Ansan kwa basi na mwani wangu kwenye begi. Nilimpikia mama yako supu ya mwani kwa mikono yangu, kama tunavyompikia kila mwanamke aliyejifungua. Hakuipenda. Alikunywa kwa ajili yangu." Akalivuta sweta lake mabegani. "Halafu nikatoka nje na mwanangu, nikamwambia achague, mimi au ninyi."

Lyse aliuliza kwa nini. Swali lilitoka dogo, kama la mtoto wa darasa la kwanza.

"Nilimwogopa jirani," Bibi Oh alisema. "Watu husema nilimwogopa baba yake Sang-ho, au Mungu. Hapana. Ni mwanamke wa nyumba ya pili. Niliwaza atakavyonitazama nikipita na wewe mgongoni. Alikufa mwaka uliofuata. Sikumbuki hata uso wake."

Ile mashine ya majani ikazimwa.

Lyse aliacha kuchana. Akazunguka, akapiga magoti mbele ya kiti, ili wawe uso kwa uso. Alimwuliza mbona hakusema kitu miezi yote hii, ikiwa alijua.

"Nilidhani nikinyamaza, utaendelea kuja."

Msomaji, pengine unafikiri hapa ndipo mambo yanapogeuka. Lyse naye alifikiri hivyo. Alimshika bibi yake mikono miwili na kumwambia kwamba basi wamwambie Sang-ho, leo, sasa hivi, atakapoingia. Hakuna haja ya kusafiri. Lyse mwenyewe atamtunza. Atampikia. Ataacha kazi nyingine zote.

Bibi Oh alimsikiliza hadi akamaliza.

"Wakija," alisema, "mimi sikujui."

Lyse alidhani nuru imezimika, kwamba akili ya mzee imetangatanga tena. Haikuwa imetangatanga.

"Nina mwana mmoja tu," Bibi Oh alisema, pole pole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Mkewe ndiye atakayenifunga macho. Nikisema wewe ni nani, nyumba yao itavunjika, na mimi nitakufa humu humu, na wageni. Nakuomba. Nilikukosea ulipokuwa mchanga, na sasa nakukosea tena, na ninajua. Lakini nakuomba."

Lyse hakupata nafasi ya kujibu. Hatua zilisikika kwenye korido. Akainuka, akarudi nyuma ya kiti, akachukua kitana.

Sang-ho aliingia kwanza. Alipomwona Lyse alisimama ghafla, hata mkewe akamgonga mgongoni. Hye-jin alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe. Yeye huja Jumapili tu, siku ambazo Lyse hayupo, na hawakuwahi kukutana. Alimtazama Lyse kuanzia viatu hadi nywele, kisha akainama juu ya mama mkwe wake.

"Mama, huyu ni nani?"

Bibi Oh aliinua macho yake. Alimtazama Lyse usoni, moja kwa moja, bila kupepesa.

"Simjui," alisema. "Ni mfanyakazi."

Sang-ho akashusha pumzi. Lyse alimsikia. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo alilokuja kulikumbuka zaidi, ile pumzi ya baba yake ikitoka kama ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Lyse akampisha kando, na Sang-ho akashika vishikio vya kiti na kuanza kukisukuma kuelekea mlangoni. Kiti kilikwenda hatua mbili kikasimama. Akasukuma tena.

Mkono wa Bibi Oh ulikuwa umeshika aproni ya Lyse.

Uso wa mzee haukuonyesha kitu. Alikuwa akitazama mbele, mlangoni, kama abiria anayengoja kuondoka. Lakini vile vidole vyembamba vilikuwa vimekunja kitambaa kwenye ngumi, na havikuachia.

"Mama, mwachie," Sang-ho alisema.

Havikuachia.

Hye-jin aliutazama ule mkono. Akamtazama Lyse, na safari hii alimtazama usoni tu. Kisha akamsemesha kwa Kikorea, kwa sauti ya upole iliyojaribiwa kwa uangalifu, kama mtu anayeweka mguu kwenye barafu. Alimwuliza, binti, wewe ni wa nani.

Sang-ho alifumba macho.

Lyse angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo yote, na cheo chake sahihi, na lafudhi ya Ansan isiyo na doa. Alichotakiwa kufanya ni kufungua kinywa kwa lugha aliyozaliwa nayo, na nyumba ile ingeanguka pale pale chumbani. Alimtazama bibi yake. Bibi hakumtazama.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Sijui Kikorea."

Akainama, akaanza kuvifungua vile vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Alipokifungua cha mwisho, kiganja cha bibi yake kilibaki wazi hewani kwa muda, halafu kikashuka mapajani.

Lyse aligeukia kitanda, akachukua blanketi ili apate kitu cha kufanya.

"Afadhali," alisikia Hye-jin akimwambia mumewe kwa Kikorea, nyuma ya mgongo wake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Nilidhani ndiye huyu."

"Ndiye nani?"

"Mtoto wako wa Ansan."

Mikono ya Sang-ho ilitoka kwenye vishikio vya kiti.

Hye-jin aliendelea kwa utulivu. Alimwambia mumewe asijisumbue kubuni uongo, kwa kuwa amejua tangu mwezi uliopita. Mama wa mtoto mwenyewe alimfuata kanisani. Alisema binti yake amepata kazi katika nyumba hii akidhani mama yake hajui, na kwamba anaongea Kikorea kama wao.

"Alipiga magoti kwenye maegesho ya magari, mbele ya watu," Hye-jin alisema. "Alinisihi tumwondoe mama Sydney kabla binti yake hajamwambia. Unadhani safari hii ilikuwa wazo langu? Ni lake. Yule Mkongo ndiye aliyeniomba."

Blanketi lilikuwa mikononi mwa Lyse, ncha mbili juu, ncha mbili chini. Hakuwa na ruhusa ya kusikia. Alilikunja mara moja. Akaliweka sawa pembe kwa pembe. Akalikunja tena. Alimwona mama yake na ile fulana ya chungwa, magoti yake mabovu kwenye lami, na hakujua kama anataka kumkumbatia au asimwone tena maisha yake yote.

"Na hilo si yote aliyoniambia," Hye-jin alisema.

Sang-ho aliinua macho. Hakumtazama mkewe. Alimtazama binti yake, mgongo wake, mikono yake juu ya blanketi. Chumbani humo ni yeye na mama yake tu waliojua kwamba msichana huyu anaelewa kila neno. Neno moja tu kutoka kwake lingemnyamazisha Hye-jin, lakini kumnyamazisha kungekuwa kumtaja Lyse.

Akafunga kinywa chake.

Hye-jin alivuta pumzi, akaanza kumweleza mumewe lile jambo la pili ambalo Bibiane alimwambia akiwa amepiga magoti, kuhusu siku ambayo Lyse alizaliwa. Na hilo, msomaji, ni la wiki ijayo.